Chewa na mkunga katika tangi moja: namna nilivyowazoesha kula

Mkahawa ninaofanya kazi hapa Nungwi una tangi la kioo la kama mita nne, limejengewa ukutani, na maji yake tunayavuta kwa pampu kutoka pwani bahari ikijaa. Ndani wapo wawili tu, chewa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Tajiri ndiye aliyewachagua, kwa sababu wageni hupenda samaki wenye midomo. Kazi ya kuwalisha ikaja kwangu. Kumlisha mmoja mmoja niliona si mlima. Shughuli ilikuwa kuwalisha wote wawili bila mmoja kushinda njaa au kumng'ata mwenzake.

Chewa tulimpata kwa mzee mmoja mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka. Nilimwomba asiniletee wa kina kirefu, maana chewa akipandishwa haraka kutoka huko kibofu chake cha hewa hutanuka, tumbo likajaa na wakati mwingine matumbo yakasukumwa hadi mdomoni. Samaki wa namna hiyo hata ukimwekea karamu hali. Huyu alinasa karibu na mwamba, kina kifupi, akafika mzima na hasira zake.

Kila aliyepita aliniambia nimpe samaki hai. Jikoni waliniambia hivyo, wageni wakaniambia hivyo, na tajiri alikuwa tayari kununua. Nilikataa. Samaki hai huja na chawa na minyoo wake, na tangini hakuna bahari ya kuvipunguza. Halafu chewa akikurupuka kumfuata windo ndani ya kioo, pua ndiyo inayofika mwanzo. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba akizoea kufukuza hatajifunza kungoja mkono wa mtu, nami nilitaka angoje.

Na kungoja ndiyo kazi yake hasa. "Chewa hakimbizi, mwanangu," aliniambia yule mzee. "Yeye anakaa mlangoni." Ndivyo alivyo mwambani: hutulia mdomoni mwa pango, rangi yake ikifanana na jiwe, mpaka kitu kipite karibu. Kwa hiyo jicho lake linataka kitu kinachotembea. Dagaa aliyekufa akizama chini kwake ni takataka tu.

Nikachukua ufito wa mwanzi, nikafunga mshipi usio na ndoana, nikamfunga samaki mdogo kiunoni kwa fundo jepesi la kufunguka likivutwa. Nikamtembeza: vuta, simama, vuta kidogo, simama. Chewa alimtazama tu. Kesho yake akamfuata kwa macho. Niliendelea hivyo bila kumpa kitu kingine, kwa sababu samaki wa aina hii akikaa siku kadhaa bila kula hadhuriki, na njaa ndiyo ilikuwa mwalimu mwenzangu. Halafu jioni moja rangi yake ikakoza, mapezi yakasimama, na samaki wa kwenye mshipi akawa hayupo. Sikuona akiuma. Chewa hamkimbilii windo kwa meno. Hufungua mdomo na mashavu kwa ghafla, ndani pakawa na nafasi tupu, maji yakaingia kwa nguvu na windo likaja nayo. Meno yake ni madogo, yameinamia ndani, kazi yake ni kuzuia kilichoingia kisitoke. Hatafuni.

Hilo ndilo lililonigombanisha na mpishi. Kila siku aliniwekea vipande vya kukwangua, ngozi na mabaki ya mfupa, akidhani ananisaidia. Lakini chakula kilichosagika chewa akikivuta kinatokea kwenye matamvua, kinatawanyika, kinaoza, na maji yanapanda amonia. Nilichohitaji ni kipande kizima kinachoenea mdomoni: chaa mdogo, ngisi mdogo, kamba mwenye ganda lake. Mpishi alinuna kwa sababu ngisi ni bei. Tulielewana pale tajiri alipoona maji hayana ukungu tena na mafundi hawaitwi kila mara kusafisha chujio.

Mkunga ni habari nyingine kabisa. Wageni humwona akifunguafungua mdomo wakadhani anatisha watu. Anapumua tu, ndivyo anavyosukuma maji kwenye matamvua yake. Macho yake hayana msaada mkubwa, pua ndiyo inayomwongoza. Ukimtazama vizuri utaona vijibomba viwili mbele ya uso. Kwa hiyo kumtembezea samaki mbele yake ni kupoteza muda. Alipofika alijichimbia ndani ya bomba la plastiki tulilomwekea na hakugusa kitu kwa muda mrefu. Mkunga mgeni ndivyo alivyo, nami sikumsumbua. Nilichofanya ni kuzima taa za tangi baada ya magharibi, nikachoma ngisi kwenye kijiti kirefu, nikakishikilia kimya mdomoni mwa bomba. Harufu ikafanya kazi yake. Kwanza ilitoka pua, kisha kichwa, kisha akakamata.

Namna anavyomeza inastahili kutazamwa. Mwili wake mwembamba hauwezi kuvuta maji kama chewa. Badala yake ana taya la pili kooni, lenye meno yake, ambalo husogea mbele, likashika windo na kulivuta ndani wakati taya la mbele bado limeng'ang'ania. Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ndio walioeleza jambo hili mwaka 2007. Kwangu lilikuwa na maana moja ya kikazi: akishika, usivute kijiti. Ukivuta, anajipiga fundo mkiani, analisukuma fundo mpaka kichwani na kujikaza nalo, na hapo utakachopata ni kijiti kilichovunjika. Kwa mkono simlishi hata kwa fedha.

Sasa wote wawili wanakula, na vita vikaanza. Ngisi akiingia majini, harufu inafika kila pembe. Mkunga alitoka bombani akaenda moja kwa moja kwa chewa, akatafuta kilichokuwa mdomoni mwa mwenzake. Nikianza na mkunga, chewa alikuja kusimama juu ya bomba na kupokonya. Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 2006 kutoka Bahari ya Shamu: huko chewa huenda kwenye pango la mkunga, akamtikisia kichwa, wakatoka kuwinda pamoja. Mkunga hupenya nyufa, anayekimbia nje anakutana na chewa. Basi nikaona huyu wangu hakuwa na uhuni, kusimama penye mkunga kuna faida kwao tangu zamani. Ila tangini hakuna nyufa za kupenya, pana kijiti changu tu.

Niliwatenganisha kwa kutumia kile ambacho kila mmoja anakitegemea. Chewa ni wa macho, basi nikamfundisha alama: kifuniko cheupe cha ndoo, nakibandika kwenye kioo upande wa jikoni kabla ya kila mlo, na pale pale ndipo samaki wake anaposhuka. Haukupita muda mrefu, kifuniko kikionekana tu anaondoka kwenye bomba na kuja. Mkunga ni wa pua, basi chakula chake sikitembezi majini hata kidogo. Kijiti kinashuka wima mpaka mdomoni mwa bomba, upande wa pili wa tangi. Na wote wanapewa kwa wakati mmoja. Hapa lazima wawe watu wawili. Kijana mmoja wa jikoni anashika kifuniko, mimi nashika kijiti, nasema "haya", vyote vinaingia. Mkunga akiwa na mzigo mdomoni haendi popote, anarudi nyuma bombani kuumalizia.

Juu ya tangi tuna mfuniko mzito wenye mawe, kwa sababu mkunga aliyenusa chakula hutafuta hata upenyo wa waya.

Menyu nayo nimeibadili. Dagaa na saladini ndio rahisi hapa, lakini baadhi ya samaki wa jamii hiyo wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kuwagandisha kwenye friji hakukiui. Samaki akilishwa hivyo tu kwa miezi huanza kuyumba na kukataa chakula. Kwa hiyo dagaa kwangu ni mara chache, nazungusha chaa, ngisi, kamba na kaa wadogo, na mara moja moja nasaga kidonge cha B1 cha duka la dawa na kukitia ndani ya tumbo la ngisi. Nyama ya ng'ombe, ambayo mgeni mmoja alisisitiza kwamba kwao ndiyo wanayotumia, siitii. Mafuta yake si ya kuyeyushwa na tumbo la samaki.

Milo ni miwili kwa wiki. Wageni hawaamini. Samaki mkubwa anayekaa tuli hatumii nguvu nyingi, na ukimshindilia anatapika, ukasafisha wewe. Saa yetu ni kabla kidogo ya magharibi, wakati ambao hata mwambani chewa huwa macho. Ramadhani tunasogeza hadi baada ya tarawehe, maana saa ya futari huwezi kumpata kijana wa kushika kifuniko.

Umeme ukiwa wa wasiwasi silishi. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi kuliko mwenye njaa, na pampu ikizima usiku huo ndipo hatari inapokuwa. Sisi tulioishi Unguja gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua kutoamini swichi. Tuna betri ya gari inayoendesha pampu ya hewa, na hata hivyo nikisikia tetesi za kukatika, mlo unangoja.

Juzi yule mzee wa madema alikuja na chewa mwingine, mkubwa kuliko wetu, bado anapiga mkia ndani ya ndoo.

"Huyu vipi, mwanangu?"

"Ami, hapana nafasi. Nitapata wapi mtu wa tatu wa kushika kijiti?"

Akacheka, akambeba, akampeleka mnadani.