Hasira zake zilikuwa zinachagua

Miaka sita nilijiambia mume wangu ana hasira za karibu. Jioni moja pale Mbagala Rangi Tatu kondakta wa daladala akamtukana mbele za watu, kisa nauli. Akacheka tu: "Yaishe, mdogo wangu." Tulipofika nyumbani akafunga mlango, akaongeza sauti ya redio, ndipo akanipiga. Mgongoni, pasipoonekana nikivaa gauni.

Ile redio ndiyo iliyonifumbua macho. Mtu aliyepandwa na hasira hakumbuki majirani. Yeye aliwakumbuka.

Asubuhi analeta chapati na supu, analia, anapiga magoti: "Mama watoto, shetani alinipitia." Wiki mbili za raha, halafu simu yangu inaanza kukaguliwa tena, nimechelewa wapi, nimeongea na nani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliueleza mzunguko huu mwaka 1979. Mimi nilielezwa na dada mmoja wa Dawati la Jinsia polisi, nikahisi kama alikuwa akiishi chumbani kwetu.

Wifi akaniambia nivumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, hata mila iseme nini. Na wifi, kaka yako hakushindwa kujizuia! Kwa kondakta alijizuia, kwa bosi wake alijizuia, kwa mwenye nyumba pia.

Sasa niko kwa mama, Temeke, na wanangu. Jirani akiongeza sauti ya redio bado nashtuka.