RAV4 mbili za Coventry na ami yangu wa Mtambwe

Ukishakaa Uingereza, jamaa wa nyumbani wanakuhesabu wakala wa magari. Ami yangu wa Mtambwe, kule Pemba, anataka gari kabla ya msimu wa karafuu, na ametaja moja tu: RAV4 ya Toyota. Ya injini gani, hakusema. Nimezipata mbili Coventry, zote za mwaka 2003, zote za gia za mkono, bei hazipishani sana. Kwa nje ni pacha. Ya kwanza ni ya petroli, cc 1794, inavuta kwa miguu ya mbele tu. Ya pili ni dizeli, ile injini Toyota wanayoiita D-4D, cc 1995, ina tabo na inavuta miguu yote minne muda wote.

Nilianza na dizeli, na nakiri ilinitia tamaa. Inapanda mlima kwa gia ya tatu bila kulalamika. Pemba nayo si Makunduchi, kule Unguja kwenye tambarare. Ukitoka Chake kwenda Wete ni kupanda na kushuka tu. Pakia magunia ya karafuu nyuma, mvua ya vuli imeshanyesha: gari ya kuvuta mbele inakandamizwa nyuma, miguu ya mbele inakuwa myepesi na kuzunguka bure. Itabidi ami aigeuze apande kinyumenyume, na shingo yake kwa umri ule haigeuki tena.

Mwenyewe anaipenda dizeli. "Mwanangu, dizeli ndiyo gari ya kazi," aliniambia. Lakini dizeli aliyonayo kichwani ni ya Land Rover za zamani, ambazo fundi alizifungua chini ya mwembe akazifunga. Hii pampu yake inasukuma mafuta kwa presha kubwa mno, nozeli zina vitundu vidogo sana, na kompyuta ndiyo inayoamua. Dizeli ya dumu ikiwa na maji au taka kidogo, nozeli zimekwisha, na kuzipima kunataka mashine maalumu. Juu ya hayo taimingi yake, inayopanga valvu na pistoni ziende sawa, ni ya mkanda, usipobadilishwa kwa wakati ukakatika, injini imekufa. Ya petroli ina cheni, haina mkanda wa kukatika.

Na hiyo foo wili yenyewe ina masharti. Katikati mna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma, nayo inataka matairi manne ya saizi moja yaliyolika sawasawa. Kwetu tairi likipasuka unavalisha lolote linaloingia, safari inaendelea. Difu inabaki kusawazisha tofauti hiyo kila dakika, hata kwenye lami kavu, mpaka inachoka.

Injini ya petroli ni 1ZZ, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish za 1.8 za kizazi cha kwanza, kwa hiyo spea na mafundi si tatizo. Ugonjwa wake unajulikana: za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Niliiacha hii ipate moto, nikakanyaga, nikatazama ekzosi. Moshi wa buluu, dalili ya kula oili, haukutoka, na stiki ya kupimia ilionyesha oili iko mahali pake.

Kilichokata shauri ni kutu. Huku wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi, inakula gari kutoka chini. Historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka, unaisoma bure kwenye intaneti kwa namba ya gari tu: dizeli ilikuwa inaonywa mwaka baada ya mwaka kuhusu kutu ya nyuma chini. Ya petroli ilionywa matairi na breki.

Nikampigia ami. "Nachukua ya petroli, ami. Nitaivalisha matairi mapya yenye meno."

"Na karafuu shambani zitatokaje?"

"Kwa gari ya ng'ombe mpaka barabara kubwa, kama siku zote. Kutoka hapo mpaka kituo cha ununuzi ndiyo kazi ya RAV4."

Akanyamaza kidogo. "Basi, mwanangu, ukimaliza kulipia meli, nitumie na pesa ya ng'ombe. Yule wa zamani tulimuuza tuliposikia unaleta gari."