Ile wiki ya uchaguzi tuliyokaa na Porcupine Tree

Kwanza ieleweke mimi ni mtu wa progu ya zamani, yaani progressive rock, ile roki ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi. King Crimson ya 1969, Yes ya 1972, Genesis ya wakati Peter Gabriel bado anaimba, Pink Floyd, Jethro Tull, alafu Rush wa Canada ambao kwangu mimi ndio wako juu ya wote. Hizo ndizo nimekulia nazo hapa Walukuba, Jinja, na mtu akiuliza mtoto wa Walukuba alizitoa wapi namwambia kwa mjomba, basi.

Mjomba ni fundi redio. Miaka ya 80 kuna mteja alimletea deki pamoja na boksi la kaseti za kuijaribia, deki ikapona, mwenyewe hakurudi mpaka leo, na mjomba akasema mali ya mtu haitupwi, akazipanga zile kaseti juu ya meza ya kazi na kuanzia hapo kila kitu kikishatengenezwa kinajaribiwa na kaseti moja ya lile boksi. Kwa hiyo majirani wanapiga Lingala na Afrigo Band, kwetu inalia Close to the Edge ya Yes, wimbo mmoja wa dakika 18 unaojaza upande mzima wa santuri, na sisi watoto hatukujua kama ni kitu cha ajabu, tulijua tu hio ndio sauti ya redio iliyopona. Majina yaliandikwa kwa kalamu na mengine yalikua yamefutika, mpaka nimekua mtu mzima ndio nikajua fulani ni nani. Lakini mkono wa kila mmoja nilikua nimeshaujua zamani, Chris Squire wa Yes kwenye besi, Alex Lifeson wa Rush kwenye gita, Ian Anderson wa Jethro Tull na filimbi yake, hao hata ukinifumba macho nakutajia.

Progu ya sasa, bendi kama Porcupine Tree na wenzao, nilikua nimeisikia juu juu tu. Jamaa mmoja aliwahi kunichezea kitu kwenye simu, gita nzito za metali (heavy metal) na mtu ananguruma, nikamrudishia simu yake nikamshukuru. Nadhani wengi wetu tunaopenda za zamani ndio tunakwamia hapo, unapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu nzito kuliko zote, hakuna anayekuambia anza huku kwanza.

Sasa Januari 2021. Mtoto wa mjomba, anasoma Kampala na kanisani kwao ndiye mpiga dramu, alirudi nyumbani kupiga kura na kwenye begi alikua na hard disk imejaa muziki. Mkesha wa kura intaneti ikazimwa nchi nzima. Yaani simu ikawa ni ya kupiga na tochi. Na kafyu ya korona bado ipo, ikifika jioni mtu uko ndani na wale mlio nao ndani, kwa hiyo baada ya kula posho (ugali) na mukene (dagaa) wa Masese sisi watatu tukajikuta karakana, mjomba na redio yake ya kutengeneza, mimi kwenye benchi, kijana na laptopu amechomeka kwenye amplifaya ya mjomba na zile spika zake kubwa za mbao.

Akaniambia, "Kaka, nakuwekea kitu usiniulize ni nani, we sikiliza dramu tu."

Nikasikiliza dramu. Kweli huyo mtu alikua fundi, hapigi kwa hasira, kati ya pigo na pigo kubwa anaweka vipigo vidogo vidogo vya chini chini ambavyo usipotulia huvisikii. Sauti ya muimbaji ilikua kavu, ya upweke, haipandi kama Jon Anderson wa Yes. Sawa, nikasema, ni nzuri, endelea. Ikafika kama dakika ya nne, gita likatoka mbele na solo, na mimi nikasimama pale pale kwenye benchi.

"Simamisha. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Nikasikia tena.

"Huyo ni Alex Lifeson."

Kijana akacheka. "Kaka, hao ni Porcupine Tree, Waingereza, gita ni Steven Wilson mwenyewe na bendi ni ya kwake. Rush wamefikaje huku?"

Nikamwambia sijui wamefikaje lakini huyo ni Lifeson. Ngoja nieleze, maana mtu anaweza kudhani nilibahatisha. Lifeson kwenye solo hatembei njia iliyonyooka. Anashika nota moja anaivuta mpaka unahisi sasa inaenda kukosea, alafu dakika ile ile anaiachia inarudi mahali pake, na nyuma yake anaacha nyuzi zingine zinalia wazi. Sikiliza ile solo ya polepole kwenye La Villa Strangiato ya 1978 utanielewa, inaanza kama mtu anayenong'ona, inapanda, inapanda, mpaka inalia kabisa. Na mimi huo mwaka wote uliokua umepita nilikua naisikiliza hio, kwa sababu Neil Peart, mpiga dramu wao na mwandishi wa mashairi yao, alifariki Januari 2020 na tangu siku ile sikutaka sana kusikia kitu kingine. Sasa mwaka mzima masikio yako yamekaa na mtu mmoja, akipita nyuma ya ukuta utamjua.

Siku za kawaida ubishi huo unaisha kwa nusu dakika, unatafuta kwenye simu, mmoja anashinda, mnalala. Pale hakuna pa kutafuta. Faili lenyewe lilikua na jina la wimbo, Anesthetize, na jina la albamu, Fear of a Blank Planet, 2007, hakuna zaidi ya hapo. Tukaweka dau la soda, mjomba akaweka chini mashine yake ya kuchomea waya akasema, "Acheni kelele. Wekeni tena, safari hii mpaka mwisho."

Na hapo ndio nikaingia. Kwa sababu ule wimbo ni wa dakika 17 na zaidi, na huyo Lifeson wangu yuko kwenye sehemu ya kwanza tu, baada yake inakuja sehemu ya metali, gita kama mashine za kiwandani, ile ile sauti ambayo siku zote ndio inanitoa. Lakini safari hii nilikua nasikiliza kwa makusudi, natafuta kama yule mtu atarudi, kwa hiyo sikutoka. Nikaanza kusikia besi inavyofanya kazi chini ya ule uzito, na dramu inavyokata hesabu huku kichwa chako bado kinatikisika bila shida. Alafu ule uzito wote unaisha na kinachobaki ni sauti za watu zimepangwa moja juu ya nyingine, taratibu, kama maji, mpaka mwisho. Mjomba akasema, "Hawa wanajenga kama wale wa zamani." Na kweli, hio ndio kazi ile ile ya Genesis na Supper's Ready, dakika karibu 23, vipande saba, kila kipande kina hali yake na ukifika mwisho unaona kwamba bila kile kipande kibaya cha katikati ule mwisho usingekugusa. Ile metali niliyokua nairuka ndio ilikua mlima wenyewe wa safari. Ukiiondoa hakuna pa kushukia.

Tukairudia usiku ule, na usiku uliofuata tukaweka albamu yote kuanzia mwanzo. Inaongelea vijana waliozama kwenye skrini na vidonge mpaka hawahisi kitu, na sisi tunaisikiliza simu zote zimekufa mezani. Kijana akasema hii kaka inatuongelea sisi wa umri wangu, na akanyamaza muda mrefu kidogo, nikaona kumbe kwake hiyo albamu sio ufundi wa dramu peke yake. Mimi Pink Floyd waliniongelea hivyo hivyo nikiwa na umri kama wake. Sikumwambia wakati ule lakini nililiona.

Siku za katikati tulisikiliza vingi na vingine sikuvipenda, siwezi kudanganya. Dream Theater wana mikono ya haraka sana ila mimi nachoka, naona wanakimbia pale ambapo ningetaka wakae. Opeth wa Sweden kijana aliwaogopa kuniwekea kwa ajili ya ile sauti ya kunguruma, akaanza na Damnation ya 2003 ambayo haina mngurumo hata mmoja, na hio nasema kwa kila mtu wa zamani aanze nayo, imejaa huzuni safi, na hapo pia aliyekaa nao studio ni huyo huyo Steven Wilson.

Lakini usiku wa mjomba ndio nataka kuuandika. Kijana aliweka albamu ya Wilson mwenyewe ya 2013, The Raven That Refused to Sing. Wimbo wa kwanza, Luminol, dakika 12, unafunguliwa na besi na dramu zinakimbizana, na ile besi iko mbele, ina meno, nikamwona Squire kabisa. Mjomba hakusema kitu. Amepinda kwenye redio yake anachoma. Ikafika kule mbele ambako inatulia alafu zinapanda zile sauti nzito za kwaya na nyuzi, mjomba akainua kichwa.

"Hio ni tepu."

Kijana akasema, "Hapana baba, hio ni kinanda."

"Nimekuambia tepu. Sikia inavyoyumba."

Na mjomba alikua sawa, na mimi nilijua kwa nini, nikamweleza kijana. Kile kinanda kinaitwa melotroni, ndicho kilichobeba King Crimson ya 1969 na Genesis ya mwanzo. Kila kibao ndani yake kina kipande cha tepu iliyorekodiwa chombo cha kweli, vayolini, filimbi, watu wanaimba, ukibonyeza kibao tepu inavutwa kupita kwenye hedi inasoma, inadumu kama sekunde nane, ukiachia inarudi nyuma. Kwa hiyo ile sauti inayumba kidogo kwa sababu tepu haitembei sawa sawa. Mjomba ametengeneza deki maisha yake yote, sikio lake halikuhitaji kuelezwa, lilisikia injini inavuta. Nilivyomaliza kueleza akauliza swali moja tu, tepu ikikatika wanafanyaje, alafu akasema rudisha mwanzo, na safari hii akazima taa ya meza akakaa kusikiliza bila kazi mkononi, kitu ambacho mimi tangu nimezaliwa sijamuona akifanya mle karakana.

Jumatatu intaneti ikarudi. Meseji za siku zote zikamwagika kwa mkupuo, watu wanatafuta ndugu zao, na sisi pia tulipiga na kuandika kwanza kwa wa kwetu. Alafu nikatafuta. Solo ya Anesthetize: Alex Lifeson. Nikamwonyesha kijana skrini hakubisha, akaenda dukani kuleta soda.

Lakini nilichokipata mbele ya hapo ndio kilinikalisha. Kwenye albamu ile ile Robert Fripp wa King Crimson naye amepiga. Yule mpiga dramu, Gavin Harrison, mwaka 2008 aliingia King Crimson yenyewe. Wilson ndiye aliyepewa tepu za awali za albamu ya kwanza ya Crimson akazimiksi upya zikatoka 2009, miaka 40 baada ya ile ya kwanza, na baadaye akafanya hivyo kwa Jethro Tull na kwa Yes, hio hio Close to the Edge. Na ile Raven, injinia wa sauti alikua Alan Parsons, ambaye alishika kazi hio hio kwenye The Dark Side of the Moon ya 1973. Yaani wale wazee wangu hawakubaki kule nyuma. Walikua wanaitwa studio, wanakaa na hawa wadogo, wanapiga, wanawapa tepu zao wazishike. Nilikua naisikia hio kazi yao bila karatasi yoyote mbele yangu, masikio ya lile boksi la kaseti yakatosha, na hilo linanifurahisha mpaka leo.

Kijana aliniachia nakala ya kila kitu kabla hajapanda taksi ya Kampala. Mjomba yeye hataki faili. Akatafuta kaseti tupu ya dakika 60, akarekodi Raven yote, nyimbo sita za dakika kama 55, tatu upande huu tatu upande ule, zikaingia vizuri, akaandika jina kwa kalamu na kuiweka juu ya meza kwenye safu moja na zile za mteja. Wiki iliyofuata kuna mama alikuja kuchukua redio yake, mjomba akaijaribu na Luminol, mama akasubiri dakika zote 12 na akauliza kama watu hao wana nyingine. Jioni hio mjomba akaniuliza swali lile lile, nikamwekea bendi nyingine, Big Big Train, The Underfall Yard ya 2009, akasema sauti ya huyu muimbaji inamkumbusha Genesis, niipandishe kidogo.