Champoluc katikati ya Januari: nilivyopanga, na nani sikumsikiliza

Kila niliyemuuliza pa kuteleza kwa skii Italia alinitajia Cervinia au Courmayeur, vituo maarufu vya Alpi. Mimi nilitaka mahali pasipo foleni, nikachagua Champoluc, kijiji cha bonde la Ayas kaskazini-magharibi mwa Italia, ambako tiketi moja ya lifti za mlimani, ya Monterosa, inakuvusha mpaka mabonde jirani ya Gressoney na Alagna.

Tarehe ni nusu ya kazi. Nilisubiri Waitaliano wamalize Epifania, Januari 6, warudi makazini. Wiki ya kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, iogope: shule zimefungwa, vyumba bei juu.

Wengine waliniambia: "Panda treni hadi Verrès, chini ya bonde, kisha basi." Ushauri wa kale! Reli ya Ivrea hadi Aosta ilifungwa Januari 2024 ili iwekewe umeme, nami nikajikuta kwenye basi la badala, mabegi mapajani. Ratiba iangalie ya siku yenyewe.

Dukani nilikataa buti za skii jozi tatu, muuzaji akanuna. Ujanja ni huu: chomoa buti laini la ndani, ingiza mguu kwenye ganda gumu la nje likiwa tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele. Nyuma ya kisigino ipite nafasi ya kidole kimoja cha mkono, viwili mwisho. Ikizidi, kisigino kinacheza na skii haikutii. Soksi jozi moja nyembamba. Mbili hubana damu, vidole vikaganda. Na kilo zako zitaje za kweli. Fundi hukaza vifungo vinavyoshika buti kwenye skii kwa uzito wako, kwa hiyo ukijipunguzia kwa aibu, skii itachomoka katikati ya kona.

Bima ya kumlipa utakayemgonga ni lazima Italia tangu 2022. Ukikata pamoja na tiketi, ni yuro chache kwa siku. Helmeti nayo sasa ni lazima kwa kila umri.

Alagna ndiko kulikonipa hesabu. Kutoka Champoluc unapanda kituo cha Crest, unavuka mlima Bettaforca, unashuka Stafal, kisha unapanda Gabiet hadi kipito cha Passo dei Salati, karibu mita 3,000, ndipo unashuka Alagna. Upepo ukivuma, lifti za juu hufungwa, na aliyenaswa Alagna atazunguka kwa gari mpaka tambarare ndipo apande bonde jingine: zaidi ya saa mbili, teksi mamia ya yuro. Nilipiga picha ubao wa saa za mwisho za lifti, nikahesabu kuanzia Champoluc kurudi nyuma, kila lifti nikaiongezea nusu saa. Wenzangu walinicheka nilipoacha nusu sahani ya polenta, ugali wa Kiitaliano. Saa saba na nusu mchana nilikuwa Salati, nimeelekeza skii upande wa nyumbani.