American Idol: Watazamaji Walipungua, Gharama Zikabaki Juu

Kila zinapotangazwa takwimu mpya za watazamaji wa kipindi cha uhalisia ambacho kimekaa hewani miaka mingi, waandishi wa habari za burudani hukimbilia hukumu ileile, kwamba watu wamekichoka na siku zake zinahesabika. Hukumu hiyo ilitolewa kwa American Idol, shindano la kuimba la televisheni ya Marekani ambalo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za watazamaji, mara nyingi kabla ya kituo cha Fox kukifuta kweli, na kilipofutwa kila mtu aliona kuwa alikuwa ametabiri sawasawa. Mimi nimezifuata takwimu za kipindi hicho kwa makini kuliko nilivyowafuata washindi wake, na kadiri ninavyozirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kilichokiangusha mwaka 2016 si watazamaji kupungua, bali ni gharama zake kukataa kupungua pamoja nao.

Kipindi kilianza kurushwa Juni 2002, kikiwa kimechukuliwa kutoka kwa kipindi cha Uingereza kilichoitwa Pop Idol, na fainali ya kwanza, aliyoshinda Kelly Clarkson mwezi Septemba mwaka huohuo, ilitazamwa na watu takriban milioni 23. Miezi minane baadaye, Ruben Studdard alipomshinda Clay Aiken kwa tofauti ndogo sana ya kura, fainali ya msimu wa pili ilikuwa na watazamaji milioni 38. Mwaka 2006 wastani wa msimu mzima ulikuwa karibu milioni 30. Kuanzia msimu wa televisheni wa 2003–04 hadi ule wa 2010–11, kwa miaka minane mfululizo, ndicho kilichoongoza kwa kutazamwa nchini Marekani, jambo ambalo hakuna kipindi kingine kilichowahi kulifanya kabla yake. Vituo shindani viliacha kuweka vipindi vyao bora katika usiku wa Idol, kwa kuwa kushindana nacho kulikuwa kupoteza fedha tu.

Kushuka kwake hakukuwa kwa mstari ulionyooka, na hapo ndipo wachambuzi wengi walipojichanganya. Fainali ya mwaka 2010 ilitazamwa na watu milioni 24. Simon Cowell, jaji aliyependwa kwa kuchukiwa, aliondoka msimu huo ulipomalizika, na karibu kila mwandishi alitabiri anguko. Badala yake fainali ya 2011, waimbaji Jennifer Lopez na Steven Tyler wakiwa wameketi katika meza ya majaji, ilipanda hadi milioni 29. Anguko lilikuja baada ya hapo: milioni 21 mwaka 2012, milioni 14 mwaka 2013, milioni 10 mwaka 2014, na milioni 8 mwaka 2015. Katika miaka minne fainali ilipoteza zaidi ya theluthi mbili ya watu wake.

Maelezo ya haraka ni kwamba televisheni yote ilikuwa ikishuka, na ni kweli. Vifaa vya kurekodi vilikuwa vimeingia majumbani, Netflix ilikuwa imeanza kuonyesha filamu kupitia intaneti tangu 2007, na kampuni ya Nielsen, inayopima utazamaji nchini humo, ililazimika kuanza kuhesabu pia waliotazama ndani ya siku tatu au siku saba baada ya kipindi kurushwa. Lakini maelezo haya hayatoshi. Shindano linalorushwa moja kwa moja lilipaswa kuwa la mwisho kuathirika, kwa sababu matokeo yake huharibika kwa kuchelewa. Anayengoja hadi kesho atamjua mshindi kabla hajabonyeza kitufe. Kipindi kilichoipokonya Idol nafasi ya kwanza katika msimu wa 2011–12 kilikuwa mpira wa miguu wa Kimarekani wa Jumapili usiku katika kituo cha NBC, nacho pia hurushwa moja kwa moja. Wimbi la teknolojia lilikuwa moja kwa wote wawili, lakini mmoja alibaki juu.

Kwa hiyo inafaa kutazama ndani ya nyumba yenyewe. Aprili 2011 NBC ilianzisha The Voice, shindano la kuimba lenye viti vinavyozunguka, na Septemba mwaka huohuo Fox ikamrudisha Cowell na The X Factor. Yaani kituo kilichokuwa kikiishi kwa shindano moja la kuimba kilinunua shindano la pili la kuimba na kulirusha miezi michache kabla ya lile la kwanza kuanza msimu wake. Sijawahi kuona hoja ya kibiashara iliyonitosheleza juu ya uamuzi huo. The X Factor ya Marekani ilidumu misimu mitatu tu, lakini katika kipindi hicho mtazamaji aliyependa kusikia vijana wakiimba mbele ya majaji angeweza kufanya hivyo karibu mwaka mzima, na Idol, iliyokuwa ikingojewa kila Januari, haikuwa tena kitu cha kungojewa.

Halafu kuna suala la kura, ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Fainali ya mwaka 2006 ilitazamwa na watu milioni 36 na ikapata kura milioni 63. Fainali ya mwaka 2012 ilitazamwa na watu milioni 21, lakini mtangazaji Ryan Seacrest alisimama jukwaani na kutangaza kwa furaha kwamba kura zilizopigwa zilikuwa milioni 132. Kipindi kilihesabu hilo kuwa rekodi ya dunia. Mimi nalihesabu kuwa dalili ya ugonjwa. Sheria ziliruhusu mtu mmoja kupiga kura nyingi kadiri alivyoweza katika muda uliowekwa, hivyo idadi ya kura haikuwa idadi ya watu, na watu walipopungua huku kura zikiongezeka maana yake ni kwamba waliobaki walikuwa mashabiki wachache zaidi wenye vidole vyepesi zaidi. Mashabiki wa aina hiyo hawamchagui mwimbaji ambaye taifa lingependa kununua albamu yake. Wanamchagua kipenzi chao. Tangu 2008 hadi 2012 washindi watano mfululizo, David Cook, Kris Allen, Lee DeWyze, Scotty McCreery na Phillip Phillips, walikuwa vijana wa kiume weupe wenye magita. Baadhi yao ni wanamuziki wazuri, na simlaumu hata mmoja. Ila mtazamaji wa kawaida aliyeweza kubashiri mshindi kabla mchujo haujafika nusu hakuwa na sababu kubwa ya kubaki.

Waliobaki, zaidi ya hayo, walikuwa wakizeeka. Umri wa kati wa mtazamaji wa Idol ulikuwa miaka thelathini na kitu kipindi kilipoanza, na kufikia misimu ya mwisho ya Fox ulikuwa umevuka 50. Kwa mtu anayetazama takwimu za jumla hili halionekani, lakini kwa kituo cha biashara ni jambo kubwa, kwa kuwa watangazaji wa bidhaa katika televisheni ya Marekani hulipia hasa watu wenye umri wa miaka 18 hadi 49. Watazamaji milioni 10 wa mwaka 2014 hawakuwa na thamani ya watazamaji milioni 10 wa mwaka 2003. Coca-Cola, ambayo vikombe vyake vyekundu vilikaa mbele ya majaji tangu msimu wa kwanza, ilimaliza udhamini wake mwishoni mwa 2014.

Na ni katika miaka hiyohiyo ya kushuka ndipo kipindi kilipotumia fedha bila kiasi. Mwaka 2013 mwimbaji Mariah Carey aliletwa kwenye meza ya majaji kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa dola milioni 18 kwa msimu mmoja, na msimu huo ndio fainali ilipopoteza theluthi ya watazamaji wake. Ongeza bendi, jukwaa, usaili katika miji mingi na matangazo ya moja kwa moja wiki baada ya wiki, kisha kumbuka kwamba Fox haikuwa mmiliki wa kipindi; ilinunua haki ya kukirusha kutoka kwa kampuni nyingine. Mei 2015 ilitangaza kwamba msimu wa 15 ungekuwa wa mwisho.

Anayetaka kuona kwamba takwimu peke yake haziui kipindi na aitazame Survivor ya kituo cha CBS, shindano la watu kuishi porini huku wakitoana mmoja mmoja. Fainali yake ya kwanza, Agosti 2000, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 51, idadi ambayo Idol haikuifikia hata katika fahari yake yote. Leo Survivor hutazamwa na watu chini ya milioni 10, maana yake imeshuka kwa kiwango kikubwa kuliko Idol, na bado ipo katika kituo kilekile. Watayarishaji wake waliacha kuhamahama: msimu wa tatu ulipigwa picha Shaba, Kenya, mwaka 2001, na mingine ikafuata katika mabara mbalimbali, lakini tangu 2016 kila msimu hupigwa katika visiwa vya Fiji, misimu miwili kwa mfululizo, kwa vifaa na wafanyakazi walewale. Mwaka 2021 muda wa shindano ulipunguzwa kutoka siku 39 hadi 26. Washiriki si watu mashuhuri wa kulipwa mamilioni, na mtangazaji ni Jeff Probst yuleyule. Wapo mashabiki wa zamani wanaolalamika kwamba Fiji imewachosha macho, na wana haki ya kulalamika, lakini fukwe hizo wanazozichoka ndizo zilizowapa misimu mingi ya ziada.

Fainali ya kuaga ya Idol, tarehe 7 Aprili 2016, ilitazamwa na watu milioni 13, wengi wakiwa wamerudi kuaga tu. Haikupita hata miaka miwili kabla kituo cha ABC hakijakirudisha, Machi 2018, kwa watazamaji milioni 10 katika usiku wa kwanza. Huko nako idadi imeshuka tangu wakati huo, na ABC nayo ilianza kwa kosa la zamani, kwa kumlipa jaji wake, mwimbaji Katy Perry, kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 25 kwa msimu. Perry aliondoka mwaka 2024. Nafasi yake alipewa Carrie Underwood, mshindi wa mwaka 2005, na takwimu ninazozisubiri kila msimu unapoanza si zile za watazamaji, ni za mikataba ya majaji.