Cheki Kumi na Mbili

Usiku wa kuamkia safari ya Dar es Salaam, Oktoba 2017, nilikaa ofisini kwetu Muheza na kitabu cha cheki, nikasaini karatasi kumi na mbili tupu. Hazikuwa na jina la mlipwaji, wala kiasi, wala tarehe. Nane za mishahara, nne za chakula cha hosteli. Mhasibu akazifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia kwenye pochi yake. Nikajiona nimejipanga kweli kweli.

Anayezijua kazi za mashirika atakuwa ameshashika kichwa. Cheki tupu yenye saini ni pesa iliyoachwa mezani, na mkaguzi wa hesabu akiikuta anaandika hoja. Nililijua hilo. Lakini kanuni zetu za fedha zilitaka saini mbili, ya mkurugenzi na ya mhazini wa bodi, na mkurugenzi nilikuwa mimi tangu tulipoanza na vyumba viwili vya kupanga, kwa ajili ya wasichana waliokuwa wakitembea alfajiri kwenda sekondari ya kata. Kumwongeza mtu mwingine kungetaka kikao, na kikaoni ningelazimika kutamka neno saratani. Cheki hazikuniuliza kitu.

Matibabu yangu mengi yalikuwa Ocean Road, hospitali ya saratani, lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Barabara yenyewe imeshabadilishwa jina, siku hizi ni ya Barack Obama, ila sijamsikia mgonjwa akisema anakwenda Barack Obama. Baada ya upasuaji nilitundikiwa dripu nane, kisha mionzi. Zile nne za mwanzo, nyekundu kama juisi ya rozela, ziliondoka na nywele. Nne za mwisho zilileta ganzi, ikaanzia nyayoni, ikaja kwenye ncha za vidole, mpaka vifungo vya blauzi nikawa nafungwa na mdogo wangu. Daktari alisema ganzi hiyo huisha taratibu, na kwa wengine hubaki.

Ofisini walikuwa wakipiga simu. "Shikamoo mama, unaendeleaje? Tusikusumbue, ila..." Baada ya hiyo "ila" ndipo shida ilipokuja: neno la siri la barua pepe, hati ya kiwanja iko faili gani, mfadhili anataka taarifa ya robo mwaka na hakuna anayejua ile ya mwisho niliiandikaje. Siku moja nilijibu nikiwa kwenye foleni ya mionzi, nimevaa kanga ya hospitali. Mdogo wangu alikasirika, akataka kuninyang'anya simu. Sikumwambia kwamba nilizipenda simu zile.

Nilirudi kazini Juni 2018, wiki ya mwisho. Wasichana waliimba, pilau ikapikwa, nikalia kidogo. Maharage ya hosteli niliyakuta yamebadilishwa mzabuni bila mimi kuulizwa, na yalikuwa mazuri kuliko ya yule wangu wa miaka yote. Nalo lilinichoma, nakiri.

Alasiri mhasibu akaja na kitabu. "Mama, zile zako ziliisha Mei." Nikaandika cheki ya mishahara ya watu tisa, nikasaini. Kesho yake ikarudi.

Nikaenda benki mwenyewe, msaidizi wangu kanishika mkono kwenye ngazi. Kijana wa dirishani aliniamkia vizuri, kisha akasema, "Samahani mama, saini hii hailingani na iliyopo hapa."

"Ni yangu, mwanangu."

Akageuza kioo cha kompyuta nikaiona. Saini ya mwanamke mwenye haraka, herufi zimelala, mwishoni mkia mrefu kama wa tiara. Akanipa karatasi nijaribu. Nikasaini mara saba. Kalamu nilikuwa naiona mkononi ila siihisi, na mkia ule ulikuwa unakatika kila nikiuvuta. Nikatoa kitambulisho. Akaitazama picha, mashavu na nywele zile, akanitazama mimi na kilemba changu, akaenda kumwita meneja. Meneja naye alikuwa muungwana: kadi mpya ya sampuli za saini, barua, na muhtasari wa kikao cha bodi. Siwalaumu. Walikuwa wanazilinda pesa zetu dhidi ya mtu asiyefanana nami, na mtu huyo ndiye mimi.

Mishahara ikalala. Mlinzi wetu alikopa unga dukani kwa jina langu, nikalipa baadaye.

Bodi ilikaa Jumamosi kwenye bwalo la hosteli, akidi ikatimia kwa shida. Niliwaambia kadi mpya yenye saini yangu haitoshi. Nataka watia saini watatu, wawili wowote kati yao wakitosha, na msaidizi wangu awe wa tatu. Tena nataka iandikwe nani anashika ofisi nisipokuwepo, iwe mwezi mmoja au moja kwa moja. Ndipo nikalitaja lile neno, saratani, kwa mara ya kwanza mbele yao.

Mzee mwenyekiti akatikisa kichwa. "Usijichurie, mama. Mungu amekurudisha, wewe unatutajia msiba?"

Kimya. Wengi walikuwa upande wake, nilijua. Kwetu mtu akipanga habari za kuondoka kwake anaonekana anauita mlango. Mhazini ndiye aliyesema, tena bila kuinua sauti: "Mwenyekiti, leo ni tarehe 7 Julai. Watu hawajalipwa."

Wakapitisha. Mzee alikuwa wa mwisho kusaini muhtasari, huku akinung'unika.

Wiki ile nikanunua kaunta buku la kwaya mbili. Mkono haukuniruhusu kuandika sana, kwa hiyo nikawa nasema, msaidizi anaandika: maneno ya siri, hati ya kiwanja, kodi ya mishahara ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata, taarifa ya mwaka ya Msajili wa NGO, mfadhili yupi hapendi kupigiwa simu Ijumaa. Ilituchukua siku nne. Aliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na mengine alinisahihisha, maana kwa miezi minane yeye ndiye aliyekuwa anafanya.

Tukafika ukurasa wenye kichwa "Mkurugenzi asipokuwepo." Akasimamisha kalamu.

"Niandike nani, mama?"

"Jiandike."

Akaiweka kalamu chini, akafungua droo, akaanza kutafuta penseli.