Asubuhi Inapopumua

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Wiki hii limenikaa moyoni suala la simu zetu alfajiri. Mkono wa kwanza unakwenda kwenye simu, mbingu ya Mola tunaitazama kupitia kioo, na picha ikishapatikana tunaona tumeshaitimizia haki yake.

Ibn Abbas alilala usiku mmoja kwa khalati yake, ndugu wa mama yake, Bibi Maimuna, mke wa Mtume, akamwona Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ameamka, akatazama mbinguni na kusoma mwisho wa Surat Aal-Imran: "Inna fii khalqis-samaawaati wal-ardhi...", yaani, hakika katika kuumbwa mbingu na ardhi... Alitazama, akasoma.

Tufanye hivyo. Mwezi ukiwa mchanga, tangu kuandama mpaka siku ya 10 hivi, kunapokaribia kupambazuka huwa umeshatua. Toka saa nzima kabla ya adhana, uelekee mashariki. Paje au Makunduchi huku Unguja, au Kiuyu kule Pemba, bahari iko mbele yako. Zipe mgongo taa za mahoteli. Mjini usijichoshe, taa zinafuta kila kitu. Jicho linataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea kiza, na ukifungua simu mara moja tu unaanza upya. Muda huo soma aya zile 11, ya 190 hadi ya 200, taratibu.

Kisha utaiona alfajiri ya uongo: weupe hafifu uliosimama kama mkia wa mbwa mwitu, mpana chini, mwembamba juu. Ukiukazia macho unapotea, maana katikati ya jicho hapaoni vizuri gizani. Tazama pembeni yake kidogo, utajitokeza. Weupe huo hauingizi sala wala haumzuii mfungaji daku yake. Subiri. Chini kabisa, juu ya bahari, kunatanda weupe mwengine, kulia na kushoto. Hiyo ndiyo alfajiri ya kweli, uzi mweupe wa Surat al-Baqara ambao mfungaji akiubaini na uzi mweusi huacha kula, na ambao sahaba Adiy bin Hatim aliutafuta kwa nyuzi alizoweka chini ya mto wake, mpaka Mtume akamfahamisha kuwa ni weupe wa mchana na weusi wa usiku.

Simu haiwezi kuuchukua. Ikikuta kiza huacha mwanga uingie sekunde kadhaa, ikaurundika, ikatoa mbingu ya buluu inayong'aa ambayo hukuiona. Mpaka baina ya weupe na weusi, ambao ndio wenye hukumu, umefutika.

Na hapa niseme wazi. Wapo wanaotuma picha ya jua likichomoza, chini wameandika "Subhanallah," na sala ya alfajiri imewapita. Jua likichomoza wakati umeshatoka! Rakaa mbili za sunna ya alfajiri ni bora kuliko dunia na vilivyomo, na picha yako imo humo humo duniani. Ndugu yangu, iache chumbani. Dada yangu, iache, hata siku moja kwa wiki. Mwamshe mtoto, umshike mkono, umuoneshe weupe ukitanda kabla hajajifunza kuutafuta kwenye kioo. Tangu hapo mpaka jua kutoka ni saa moja na robo tu hivi, na sala imo ndani yake.

Usiku wa 27 na 28 usizikose. Mwezi mkongwe hutokea ndani ya weupe huo huo, mwembamba, umepinda kama karara kongwe la mtende lililotajwa katika Surat Yaasin. Hauchukui muda, mwanga unaumeza.